Mazungumzo Juu ya Kuku Aliyeumia Mguu

Wazee wetu, walimu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa mahali pa kukaa: Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya ufugaji wa kuku, nasi tumechagua jambo moja dogo katika mambo yake mengi, yaani kuku aliyeumia mguu: jinsi ya kumtazama, kumtunza, na kumrudisha kwa wenziwe. Kazi yetu sisi ni kalamu na daftari, si uganga wa wanyama. Lakini tumefuga kuku tangu utoto, tumewauliza wajuao, na tumesoma vitabu. Basi tutawaambia yale tuliyoyahakikisha, na mengine tutayaacha.

Twajua wako watakaocheka na kusema: "Kuku mmoja kiguru! Kisu kipo, na wageni hawakosekani." Hatuwalaumu. Kuku hufugwa ili aliwe, nasi pia twala. Lakini yafaa kufikiri kidogo kabla ya kunoa kisu. Koo wa kienyeji aliye mtagaji mwema hutaga mayai 10 mpaka 15 kwa mpigo mmoja, akatamia, akaangua, akalea, kisha akaanza tena. Mwenye nyumba akimchinja leo, amepata mchuzi wa jioni moja. Akimtunza majuma matatu akapona, amebaki na mama wa kuku wake wote wa mwaka ujao. Tena si kila koo ajuaye kulea. Wako wanaoyakimbia mayai siku ya kumi, na wako wanaokanyaga vifaranga vyao wenyewe. Aliye mleaji hodari anayejua kumtishia mwewe, huyo hapatikani sokoni kwa fedha, maana mwenye naye hamwuzi.

Na liko jambo jingine ambalo wanaume huona haya kulisema mbele ya watu, yaani kwamba kuku hupendwa. Mtoto aliyempa kuku wake jina, naye akiitwa huja mbio na kula punje mkononi, mtoto huyo hakufundishwa na mtu upendo ule, wala si vema kumwambia kuwa ni upuuzi. Walimu watatushuhudia kwamba mtoto ajuaye kumwangalia kiumbe mmoja kwa saburi, asubuhi na jioni, bila kukumbushwa, hata daftari lake huwa safi.

Basi kuku anachechemea. Jambo la kwanza ni kuuliza: Je, ameumia, au ni mgonjwa? Twawaomba mtusikilize sana hapa, kwa sababu mtu akikosea katika swali hili, hatapoteza kuku mmoja tu, bali huenda akapoteza kuku wa kijiji kizima.

Yako maradhi mawili makubwa yanayomfanya kuku ashindwe kwenda. La kwanza ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu huliita kwa jina la mji wa Newcastle-upon-Tyne huko Uingereza, ambako lilionekana mwaka 1926. Na mwaka huo huo lilionekana pia katika kisiwa cha Java. Kuku mwenye mdondo hupooza miguu au mabawa, hupinda shingo, huhema kwa shida, huharisha kijani, hukataa chakula. Na leo akiwa mmoja, kesho kutwa watakuwa sita. Hakuna dawa ya kuliponya. Iko kinga tu, nayo ni chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyotengenezwa kwa ajili ya vijiji vyenye joto visivyo na barafu ya kutunzia dawa, hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chanjo hupewa kuku wazima. Kumchanja aliyekwisha kuugua ni kumwaga maji juu ya jiwe.

La pili ni ugonjwa uitwao Marek, kwa jina la daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeueleza mwaka 1907. Huu huwashika hasa kuku wachanga, yaani pora na tembe wa miezi michache. Mishipa ya fahamu huharibika, na utamwona amelala mguu mmoja umenyoshwa mbele na mwingine nyuma, kama mtu aliyeteleza kwenye matope. Hauna uvimbe, hauna jeraha, wala hana maumivu ukimshika mguu. Huu nao hauponyeki; kinga yake ni chanjo ya kifaranga siku anapoanguliwa.

Aliyeumia huwa na dalili zake mbali. Kwa kawaida ni mmoja tu kati ya wote. Jana alikuwa mzima, leo anachopea. Macho yake ni maangavu, kishungi chake ni chekundu, na ukimtupia mtama anakula, ingawa kwa kuruka na mguu mmoja. Lakini hata ukidhani kwamba umekwisha kutambua, mtenge kwanza siku 14 mbali na wenziwe. Naye anayemtumikia asiende moja kwa moja kwa kuku wengine bila kunawa mikono na kuosha nyayo za viatu. Kwa kuwa aliyeumia ahitaji kutengwa kwa vyo vyote, hapa hamna hasara.

Sasa tumtazame. Usimfukuze uwanjani mchana na kundi la watoto nyuma yako. Kumkimbiza kuku mwenye mguu uliovunjika ni kuvunja mara ya pili. Ngoja jua lichwe, atulie, umchukue kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa. Mfunge kwa kanga kuukuu, kichwa na miguu ikiwa nje. Mwenzako amshike mapajani, nawe utazame.

Anza na mguu mzima. Watu wengi huanza na ule mbovu, na kwa hiyo hawana kipimo. Mwili wa kuku una joto la sentigredi 41 na zaidi, hali wetu ni 37. Basi mguu wowote wa kuku utauona wa moto mkononi mwako. Joto la hatari ni lile la mguu mmoja kuupita mwenziwe. Papasa polepole kutoka vidoleni kwenda juu, mguu huu na mguu huu, ukilinganisha uvimbe, upindo na maumivu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kile kiungo kinachopinda kwa nyuma, tunachokiita goti la kuku, si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lake la kweli liko juu, limefichwa na manyoya ubavuni mwa tumbo, nalo lapinda kwa mbele kama la kwetu. Kuku husimama juu ya vidole vyake, kama mtu anayenyata. Ukilijua hilo, utafahamu kwa nini kuku akiruka kutoka mahali pa juu, uzito wote huangukia vidole na ile nyama laini ya wayo.

Wayo ndio mahali pa kutazama kuliko pote. Pengine utakuta mwiba tu, ukauchomoa, ukaosha, na kesho mambo yamekwisha. Pengine utakuta uzi, unywele, au nailoni ya wavu imejizungusha kidoleni na kuzama nyamani. Uikate kwa mkasi mdogo, wala usiivute. Lakini ukikuta uvimbe wa mviringo, wenye kigaga cheusi katikati kama kifungo cha koti, huo ni jipu la wayo. Mwanzo wake ni jeraha dogo la mwiba, jiwe kali au kuruka kutoka juu. Kisha vijidudu huingia, na mara nyingi ni aina ile ile inayoleta majipu katika mwili wa binadamu. Kwa hiyo anayetibu anawe kwa sabuni kabla na baada, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi hiyo.

Tengeneza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Msimamishe kuku ndani ya beseni, maji yafike kwenye kifundo, dakika 10 mpaka 15. Hatapigana sana, wengi hufumba macho wakasinzia, kana kwamba wamengoja siku nyingi mtu awafanyie hivyo. Ukaushe mguu, utie ayodini, uweke pamba safi juu ya kigaga, ufunge kwa ukanda wa nguo safi ukipitisha katikati ya vidole. Rudia kila siku. Kigaga kikilainika na kutoka chenyewe, vema. Usikichimbe kwa wembe kwa haraka ya kuona usaha ukitiririka, maana usaha wa kuku si majimaji kama wetu. Ni mgumu, mithili ya kiini cha yai lililochemshwa, nao hautiririki. Uvimbe ukiwa mkubwa na mgumu, hiyo ni kazi ya Bwana Mifugo na kisu chake kilichochemshwa.

Kama wayo ni mzima, lakini miguu yote ina magamba yaliyoinuka, yenye unga mweupe kama chokaa, hao ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao huchimba chini ya magamba. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, paka mafuta ya kula au mafuta mazito ya kujipaka mpaka wadudu wakose pumzi, urudie kwa majuma kadhaa, na safisha fito za kulalia. Wazee wetu walitumia mafuta ya taa. Yanaua wadudu, ni kweli, lakini huunguza ngozi ya kuku. Twaona heri kuyaacha taani.

Tuje sasa kwenye mfupa. Mguu ulioteguka huvimba kwenye kiungo, lakini mfupa unasimama katika mstari wake. Mguu uliovunjika huning'inia, au hupinda mahali pasipo kiungo, na ukipapasa waweza kusikia mkwaruzo. Ulioteguka hautaki dawa kubwa kuliko kupumzika. Uliovunjika chini ya kifundo, katika ile sehemu yenye magamba, waweza kufungwa banzi na mtu ye yote mwenye mkono mwepesi. Pasua mwanzi au bua la mtama, ukate vipande viwili vifupi, ulainishe ncha zake. Zungushia mguu pamba kwanza. Mwenzako anyoshe mguu taratibu hata mfupa ukae katika mstari wake, weka banzi huku na huku, ufunge kwa ukanda wa nguo. Ufunge kwa kiasi. Banzi likilegea halina kazi, na likikaza laua mguu. Baada ya saa moja tazama vidole. Kisha tazama asubuhi na jioni. Vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, legeza mara moja.

Mfupa wa ndege huunga upesi kuliko wetu. Kwa kadiri ya majuma matatu banzi laweza kutolewa, na kwa kuku mchanga hata mapema zaidi. Ni siku 21 zile zile ambazo yeye mwenyewe hukaa juu ya mayai. Basi si haki sisi tuchoke kabla yake.

Mfupa ukivunjika juu, kwenye paja, usijaribu banzi, kwa kuwa halina pa kushika, na utamtesa bure. Huyo mweke mahali padogo asipoweza kutembea wala kuruka, umwachie maumbile. Na ikiwa mfupa umetokeza nje ya ngozi, au mguu umekuwa mweusi na baridi, au kuku amekataa chakula na maji siku ya pili, basi kisu tulichokizuia hapo mwanzo sasa ndicho chenye huruma. Yafaa mwenye nyumba amweleze mtoto wazi wazi, wala asimdanganye kwamba kuku ametoroka. Lakini aliyekuwa na dalili za mdondo asichukuliwe kwenda sokoni wala kupelekwa zawadi kwa shemeji. Manyoya na matumbo yake yafukiwe chini sana au yachomwe moto.

Kitanda cha mgonjwa ni tenga lililotandikwa majani makavu, kimo cha kutosha asimame, upana wa kutosha ageuke, basi. Ndani asiwekewe ufito wa kurukia. Majani yabadilishwe kila siku, maana mgonjwa hulala juu ya mavi yake, na kifua chake kitachubuka. Maji na chakula viwe karibu na mdomo wake. Kuku wengi viguru hawafi kwa mguu, hufa kwa kiu, wakiwa wanayaona maji hatua tatu mbele yao. Asiyeweza kusimama kabisa hufungiwa kitambaa kama machela, chenye matundu mawili ya miguu, akaning'inizwa hata nyayo ziguse chini. Fanya hivyo kwa muda mfupi tu, mara mbili tatu kwa siku, kisha umpumzishe.

Chakula chake kisiwe pumba za mahindi peke yake. Mpe mchicha, mchwa, dagaa waliosagwa, na maganda ya mayai yaliyokaangwa kisha yakapondwa laini. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalisi, na koo anayetaga akiikosa chakulani, huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Basi anayetibu mfupa bila kumlisha ni kama fundi anayeziba paa huku akichomoa matofali ya ukuta. Jua la asubuhi nalo humfaa, kwa kuwa huusaidia mwili kuitumia kalisi hiyo. Ama vidonge vyetu vya maumivu, usimpe kwa kukisia. Mwili wake ni wa kilo moja na nusu, si wa mtu. Na dawa yo yote utakayopewa na Bwana Mifugo, uliza siku ngapi mayai na nyama yake visiliwe, uziandike.

Twamjua mjane mmoja, jirani yetu, aliyekuwa na koo mmoja mwekundu na vifaranga tisa vya siku chache. Koo huyo alikuwa amefungwa kamba mguuni kwenye kigingi, asiharibu mboga za watu. Mbwa akapita, kuku akaruka, kamba ikamrudisha, na mguu ukavunjika chini ya kifundo. Ndugu wa marehemu walimshauri amchinje, kwa maneno mengi na ya busara. Yeye akauliza swali moja: "Na hawa tisa atawafunika nani usiku?" Hawakuwa na jibu. Akafunga banzi la mwanzi, akamweka koo katika tenga chini ya kitanda, na vifaranga wakiingia na kutoka katika nafasi za ufito, wakijilisha mchana na kulala chini ya mama usiku. Binti yake alibadilisha majani kabla ya kwenda shule. Vifaranga wawili walikufa, saba wakakua. Koo alipona, ingawa kidole kimoja kilibaki kimepinda, na mwendo wake una mdundo kidogo, hata watu wakimsikia juu ya majani makavu humjua bila kumwona. Tuliona kwa macho yetu daftari na kalamu zilizonunuliwa kwa fedha ya pora wawili wa uzao ule.

Kumrudisha kwa wenziwe kwataka hila. Kuku wana ukubwa na udogo kati yao, na aliyetoweka majuma matatu akirudi huhesabiwa mgeni, akadonolewa. Kwa hiyo, siku zile 14 zikiisha salama, tenga liwekwe mahali watakapoonana bila kufikiana. Kisha siku ya kumtoa, mwingize bandani usiku, gizani; kukikucha watamkuta yumo. Jogoo mzito asimkaribie bado kwa siku kadhaa. Na fito za kulalia ziwe chini, kimo cha goti la mtu, mviringo zisizo na pembe kali, hasa kwa wenye kuku wa kuchi, ambao ni wazito, na kila asubuhi huanguka badala ya kushuka.

Neno moja kwa wanaopeleka kuku sokoni. Twaona njiani watu waliofunga kuku kumi kwa ukili mmoja, wakawatundika kwenye baiskeli kichwa chini, tangu alfajiri hata jua la utosi. Kuku hana kile kiwambo cha nyama kinachotenga kifua na tumbo katika mwili wetu. Akining'inizwa hivyo, matumbo humlemea mahali pa kuvutia pumzi, na viungo vya mapaja hubeba uzito ambao havikuumbiwa. Wengi wa viguru tuletewao kutazama walinunuliwa sokoni siku mbili kabla. Wafanya biashara wa Singida na Dodoma wanaopeleka kuku Dar es Salaam huwatia katika matenga, maana wamekwisha kujua kuwa mnunuzi hushika mguu kwanza. Tenga moja la fito lasukwa kwa siku moja, na walimu wa kazi za mikono wamekwisha kutuambia kwamba wavulana wa darasa la sita waweza.

Basi hapa tunakoma kusema. Mwenye swali na aulize. Na yule mama aliyeketi karibu na mlango, mwenye kapu linalotikisika, twamwomba asogee mbele, alete na beseni, tumtazame huyo wake pamoja.